Mfupa umeshaunga, mbona mkono bado unawaka moto? Uzi wa wenye maumivu yasiyoisha baada ya kuvunjika

#1 Sindano na Uzi (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika ndiyo mara ya kwanza. Mkiona nimeruka herufi mnisamehe, naandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto.

Mimi ni fundi cherehani, miaka 43, fremu yangu iko Mbagala. Mwaka jana mwezi wa pili nilianguka na bodaboda wakati wa mvua, nikajidaka chini kwa mkono wa kulia, kifundo kikavunjika. Hospitali wakanirudishia mfupa, wakanifunga hogo, wakaniambia wiki sita. Mpaka hapo ni stori ya kila mtu, nusu ya mtaa wetu imeshavunjwa na bodaboda.

Wiki ya tatu mkono ukaanza kuwaka ndani ya hogo. Siyo yale maumivu ya kuvunjika, hayo nayajua, nilishavunjika mguu utotoni. Haya yalikuwa yanachoma kama umeshika pasi ya mkaa na vidole vimegoma kuiachia. Nikarudi, wakaniambia ni kawaida, meza panadol.

Hogo lilipotolewa ndiyo nikaogopa. Mkono ulikuwa umeiva, rangi kati ya nyekundu na zambarau, umevimba, ngozi inang'aa kama satini. Unatoa jasho peke yake wakati wa kushoto ni mkavu. Vinyweleo vimerefuka, kucha zimekua haraka na zina mistari. Baada ya miezi kadhaa ukabadilika, ukawa wa baridi. Nikiuweka shavuni nahisi kama nimetoa kitu kwenye friji.

Sasa lile ambalo watu hawaniamini ni kwamba siguswi. Feni ikigeukia upande wangu machozi yanatoka. Siku moja uzi wa cherehani, uzi mtupu, ulidondoka juu ya kiganja nikahisi nimechanjwa na wembe. Shangazi yangu alikuja na maji ya moto na chumvi anikande kama tulivyokuzwa, aliponigusa tu nilipiga ukelele majirani wakaja na fimbo wakidhani kuna nyoka.

Kila nikirudi hospitali, eksirei inaonyesha mfupa umeunga vizuri. "Mama, huna tatizo." Mara nne nimeambiwa hivyo. Mara ya tano dokta mmoja kijana akaniuliza kama nyumbani kuna amani. Ilikuwepo mpaka hapo. Baada ya hapo nikaanza kusikia watu wakisema chumbani kwamba nadeka, kazi imenishinda.

Miezi saba baadaye, hospitali nyingine, fizio mmoja mama wa makamo aliweka mikono yangu yote miwili juu ya meza. Hakuigusa, aliiangalia tu kwa muda mrefu. Halafu akaniambia, "Mfupa wako umepona na mkono wako unaumwa. Yote mawili ni kweli." Akanipeleka kwa daktari wao wa mishipa ya fahamu, naye akaniandikia jina: CRPS, kwa kirefu Complex Regional Pain Syndrome, yaani maumivu tata yanayokaa kwenye kiungo kimoja. Nililia pale pale, siyo kwa huzuni.

Walinieleza kwamba jeraha limekwisha lakini mishipa ya fahamu yenyewe imebaki na mcharuko, inawaka, mpaka kule ndani ya uti wa mgongo. Nimeelewa nusu. Naomba wajuzi mnifafanulie nusu iliyobaki, na waliopitia hili waseme wanaishi nalo vipi.


#2 Mzee wa Kona

Naweka kambi hapa. Kahawa na kashata viletwe.


#3 Kijukuu cha Bibi

Dada usinikasirikie, ila mkono kuwaka moto na picha ni safi, hiyo siyo ya hospitali. Hebu kumbuka vizuri, kuna mtu alikupa kitambaa ukakaa nacho bila kumshonea?


#4 Sindano na Uzi

Kwa kigezo hicho mafundi wote wa nchi hii tungekuwa hatuna mikono.


#5 Fizio wa Mkoani

Dada Sindano pole sana, na hongera kwa kueleza kwa kituo. Wengi wakifika kwangu wanasema "unauma tu", nabaki nabahatisha.

Niko kwenye fiziotherapia mwaka wa kumi na moja. Nitaandika kwa kirefu, asiyependa magazeti aruke.

Kwanza tuondoe wazo kwamba neva, yaani mshipa wa fahamu, ni waya wa umeme unaopeleka taarifa upande mmoja. Zile nyuzi nyembamba kabisa zinazobeba maumivu zina kazi mbili. Ukiumia zinapeleka habari juu kwenye ubongo, na wakati huo huo zinamwaga kemikali kule kule ngozini. Mbili zinazotajwa sana ni sabstansi P na nyingine inayoitwa kwa kifupi CGRP. Zikimwagika, vijishipa vya damu vinatanuka, ngozi inapata joto na wekundu. Kuta za vijishipa zinavujisha maji, mkono unavimba. Chembe za kinga zilizo jirani nazo zinaamka. Kwa hiyo neva inaweza kuuvimbisha mkono bila mdudu na bila usaha. Ndiyo maana vipimo vya kutafuta maambukizi kwa wagonjwa hawa vinarudi safi.

Chembe za kinga zikiamka zinatoa vitu vyake, vinaitwa sitokini. Mwaka 2002 watafiti wa Uholanzi walichukua maji ya malengelenge kutoka ngozi ya wagonjwa wa CRPS, mkono mbovu na mkono mzima wa mtu yule yule, wakakuta sitokini mbili, TNF na intalukini-6, ziko juu upande mbovu. Sitokini hizo zinaifanya neva iwe nyepesi kuwaka. Neva ikiwaka inamwaga tena, ikimwaga chembe zinaamka tena. Kwa watu wengi duara hilo linakatika lenyewe baada ya wiki kadhaa. Kwa wachache linaendelea kuzunguka.

Sasa hiyo ni ya mkononi. Ya ndani ndiyo nusu ambayo dada hakuielewa.

Kwenye ubongo na ndani ya uti wa mgongo kuna chembe zinaitwa maikroglia. Ndizo kinga ya huko. Siku za kawaida zimetulia, zinakagua kagua tu. Kelele za maumivu kutoka mkononi zikizidi na zikidumu, zinabadilika umbo na kuanza kumwaga sitokini huko huko ndani, pale neva ya mkono inapopokelewa.

Chukulieni mtaa ulioibiwa. Sungusungu wakaitwa, wakaja na virungu na filimbi, mwizi akakamatwa, akapelekwa. Lakini hakuna aliyewaambia sungusungu warudi kulala. Wiki ya nane bado wako barabarani, wanampigia filimbi muuza maziwa, mwalimu anayewahi shule, mtoto aliyetumwa chumvi. Uzi uliodondoka kwenye kiganja cha dada ndiyo huyo muuza maziwa. Umepita kwenye neva za mguso wa kawaida, ambazo hazina habari na maumivu, ila ulipofika uti wa mgongo ukapokelewa kama mwizi.

Na breki nazo zinakatika. Uti wa mgongo una ishara zake za kunyamazisha maumivu. Mwaka 2005 watafiti wa Kanada walionyesha kwa panya kwamba maikroglia zilizoamshwa hutoa protini, BDNF, inayoigeuza ile ishara ya kunyamazisha iwe ya kuchochea. Unakanyaga breki, gari linaongeza mwendo.

Mtaona nimesema panya. Sehemu kubwa ya habari za maikroglia imetoka kwa panya, na mwaka 2015 ikaonekana kwamba hata kwa panya wenyewe mambo hayafanani: kwa madume maikroglia ndizo zinabeba maumivu, kwa majike kazi hiyo inaonekana kufanywa zaidi na chembe nyingine za kinga, za aina ya T. Jambo lenyewe si dogo, maana kwa binadamu CRPS inawapata wanawake mara tatu au zaidi ya wanaume.


#6 Mama Tatu

Hata panya jike ana mambo yake. Endelea mtaalamu.


#7 Dereva Tingo

Kaka Fizio, kama shida ni uvimbe, si anywe diklofenaki yaishe? Mimi mgongo ukikaza nameza mbili napiga Dar mpaka Tunduma.


#8 Fizio wa Mkoani

Dereva, figo zako zinakusalimia.

Diklofenaki na ndugu zake wanazuia kemikali za aina moja, prostaglandini. Huu mcharuko wa neva unaendeshwa na vitu vingine, sabstansi P, CGRP, sitokini. Ndiyo maana wagonjwa wanasema "nimemeza hadi tumbo limetoboka na mkono uko vile vile".

Dawa zinazosaidia baadhi yao ni zile za kutuliza neva zenyewe. Kuna amitriptilini kidogo usiku, inatolewa kama dawa ya mfadhaiko ila kwa kiwango kidogo inapoza neva na kuleta usingizi. Wagonjwa wakisoma karatasi ya ndani wanarudi wamenuna: "kumbe mmeniona chizi." Hapana jamani. Kuna gabapentini na pregabalini pia. Dawa za steroidi kama predinisoloni zimesaidia pale ugonjwa ukiwa mchanga, bado wa joto na uvimbe. India mwaka 2006 walizilinganisha na piroksikamu, ndugu wa diklofenaki, kwa wagonjwa waliopata tatizo hili begani na mkononi baada ya kiharusi, predinisoloni ikashinda kwa mbali.

Nimeandika hili kwa woga kwa sababu najua kesho kuna mtu ataenda duka la dawa kununua deksa, nayo ni steroidi, zile zile wanazomeza watu kutafuta mashavu. Usifanye. Kama una kisukari itapanda, kama una TB imejificha itaamka. Hiyo ni dawa ya daktari anayekupima na kukufuatilia, kwa muda mfupi.

Vitamini C mtaikuta sana mitandaoni. Mwaka 1999 utafiti wa Uholanzi ulisema miligramu 500 kwa siku kwa siku 50 baada ya kuvunjika kifundo hupunguza uwezekano wa kupata CRPS. Mwaka 2014 wa Edinburgh, wagonjwa 336, haukuona tofauti. Haina madhara makubwa kwa kiwango hicho, ila usiuze mbuzi kuinunua.


#9 Msomaji Mkimya

Leo nimeshindwa kunyamaza. Kuna kisa kuhusu ugonjwa huu kinanikaa kichwani.

Kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, 1861 mpaka 1865, kulikuwa na hospitali Philadelphia, Turner's Lane, iliyokusanya askari waliopigwa risasi kwenye neva. Daktari mmoja, Silas Weir Mitchell, na wenzake wawili waliandika kitabu mwaka 1864. Walikuta askari ambao vidonda vimekauka lakini mkono au mguu unawaka. Ngozi nyekundu, inang'aa. Wengine walikuwa hawaachani na chupa ya maji na kitambaa, muda wote wanaulowesha mkono. Wengine walimimina maji ndani ya buti. Hata gazeti likikunjuliwa karibu yao, ule mchakacho wa karatasi ulizidisha maumivu. Mitchell baadaye akauita ugonjwa kwa Kigiriki cha kuungaunga chenye maana ya maumivu yanayounguza.

Kisha mwaka 1900, eksirei ina miaka mitano tu tangu igunduliwe, daktari wa upasuaji wa Hamburg anaitwa Paul Sudeck akaona kwenye picha kwamba mifupa ya mikono hiyo inapungua ndani, inakuwa kama imeliwa. Yeye alisema wazi ni mcharuko. Halafu ikaja miaka mingi ambapo lawama zilienda kwa neva zile zinazoendesha jasho na mishipa ya damu, na mwaka 1946 ukapewa jina jipya la kuzilaumu. Watu wakakatwa neva hizo, wakachomwa sindano za ganzi shingoni. Jina la sasa, CRPS, ni la mwaka 1994, na limechaguliwa kwa makusudi lisimlaumu yeyote. Sasa hivi wamerudi pale pale kwa Sudeck.

Dada Sindano, ulipoandika kuhusu feni nikawakumbuka wale askari wa gazeti.


#10 Sindano na Uzi

Msomaji, umenifanya nimsomee mume wangu kwa sauti. Akauliza, "Kwa hiyo na hao walikuwa wanadeka?" Kisha akanyamaza muda mrefu. Leo kaosha vyombo.


#11 Binti Kisauni

Pole dadangu, salamu kutoka Mombasa. Mimi ni mguu. Tofali la jengo liliniangukia kwenye unyayo, halikuvunja hata kidole kimoja, ngozi tu ilichubuka. Huu mwaka wa tatu. Kwa hivyo wanaofikiri lazima uvunjike, la. Daktari wangu alinambia kuna aina mbili, ile ambayo neva kubwa imeumizwa na inaonekana, na ile ambayo hakuna neva iliyokatika kabisa. Mimi na wewe nafikiri ni hiyo ya pili, na ndiyo ya wengi.

Usiku ndio mtihani. Shuka likigusa vidole silali. Mamangu mzazi ndiye alonipa dawa: alichukua kreti tupu la soda, akaliweka kitandani upande wa miguu, mguu ukaingia chini yake kama jogoo kwenye tenga, shuka likapita juu. Nililala siku hiyo mpaka adhana ya alfajiri.

Wallahi nilifika mahali nikawaomba wanikate. Daktari akakataa, akanambia mguu ukiondoka maumivu yaweza kubaki, na hata kigutu kikapata ugonjwa huo huo. Sikumuelewa wakati ule, nilimchukia.


#12 Fizio wa Mkoani

Daktari wako alikuwa sahihi. Sungusungu wako uti wa mgongo na ubongoni, ukibomoa nyumba iliyoibiwa wao hawaondoki.


#13 Baharia Mstaafu

Samahanini nachomekea hapa maana naona kuna wataalamu. Mdogo wangu kafungwa hogo jana jioni, mguu, chini ya goti. Leo tangu mchana analia, vidole vimevimba vina rangi mbaya, anasema ganzi. Nikimkunjua kidole gumba juu anapiga kelele. Dawa za maumivu hazishiki. Hii ndiyo hiyo CRPS?


#14 Fizio wa Mkoani

BAHARIA, HAPANA. Acha kusoma uzi. Mpeleke hospitali sasa hivi, usiku huu, usisubiri kesho.

Hogo la siku moja, maumivu yanazidi badala ya kupungua, ganzi, vidole kubadilika rangi, na kukunjuliwa kidole kunamuua: hiyo inaweza kuwa misuli imebanwa na shinikizo la ndani, damu haipiti. Msuli unaweza kuanza kufa ndani ya saa chache. Wanaweza kulifungua hogo au hata kumpasua kupunguza shinikizo. Ukifika mapokezi sema maneno haya: "hogo limebana, ana ganzi, vidole vinabadilika rangi." Mguu uwe usawa wa moyo, usiuning'inize wala kuupandisha juu sana.

Ukifika niandikie.


#15 Mwanahakika

Mnatisha watu. Nimesoma, hata madaktari wengi wanaona CRPS ni saikolojia tupu. Mtu akipata stresi na hofu mkono unakufa ganzi. Mleta mada hata mwenyewe kasema nyumbani hakuna amani.


#16 Sindano na Uzi

Nimesema amani ilikuwepo MPAKA dokta alipouliza. Soma kabla ya kujibu. Kuna siku nilikaa na huu mkono kwenye beseni tangu isha mpaka alfajiri, niambie ni hofu ya nini inayovimbisha vidole.


#17 Msomaji Mkimya

Mwanahakika, hofu na msongo vinaweza kuongeza maumivu, ya mkono, ya jino, ya kujifungua. Hilo hakuna anayebisha. Ila kuna watafiti, pamoja na kundi la Liverpool, walichukua kingamwili kutoka kwenye damu ya wagonjwa wa CRPS wa muda mrefu, wakawachoma panya ambao wamekatwa kidogo kwenye mguu. Panya waliopata kingamwili za wagonjwa mguu ukavimba na kuuma kupita wale waliopata za watu wasio na ugonjwa huo. Panya hana mume wala kodi ya fremu.

Na nimalizie ukweli wote: kutokana na wazo hilo walijaribu kuwapa wagonjwa, kwa dripu, kingamwili zilizochujwa kutoka damu ya watu wenye afya. Jaribio dogo la 2010 lilileta matumaini. Jaribio kubwa la 2017 Uingereza, wagonjwa 111, halikuonyesha faida. Kuujua moto unatoka wapi hakukupi maji ya kuuzima.


#18 Mzee wa Kona

Hii kambi ina moto. Ila nina swali la mtu asiyesoma. Daktari anajuaje, kama picha ni safi na damu ni safi?


#19 Fizio wa Mkoani

Mzee swali zuri sana, maana hakuna kipimo kimoja. Tunatumia vigezo vilivyokubaliwa Budapest. Maumivu yazidi kiasi cha jeraha, halafu tunaangalia makundi manne. La kwanza hisia, kama mguso kuwa maumivu. La pili rangi na joto, mkono huu na ule kutofautiana. La tatu uvimbe na jasho. La nne mwendo, nguvu, kutetemeka, na mabadiliko ya nywele, kucha, ngozi. Mgonjwa alalamikie angalau matatu kati ya manne, na sisi tuone kwa macho yetu angalau mawili siku hiyo. Na pawe hakuna ugonjwa mwingine unaoeleza hali hiyo vizuri zaidi, kama maambukizi au damu kuganda.

Dada Sindano kwenye bandiko lake la kwanza ametaja karibu yote bila kujua. Kinachotakiwa ni mtu aweke mikono miwili mezani na kutazama.

Siyo ugonjwa wa kila mtaa. Uholanzi walihesabu kama wagonjwa wapya 26 kwa watu 100,000 kwa mwaka, wilaya moja ya Minnesota, Marekani, wakapata kati ya watano na sita tu. Kwa hiyo hata daktari mzuri anaweza kukaa miaka bila kumwona mmoja. Nasema hivi siyo kumtetea yule aliyeuliza kuhusu amani.

Na kuhusu hogo. Mwaka 2008 Denimaki waliwafunga hogo watu wazima kabisa, hawajaumia popote, wiki nne. Lilipotolewa mikono yao ikawa imebadilika kwa muda, baridi inauma, kuna ngozi iliyopata hisia za ajabu. Hogo ni lazima, mfupa hauungi hewani. Ila kutotumia kiungo nako kunachochea huu moto. Ndiyo maana nakasirika mgonjwa akiambiwa "pumzisha" mwezi wa nne. Vidole vilivyo nje ya hogo vichezeshwe tangu siku za mwanzo kama daktari hajakataza.


#20 Sindano na Uzi

Hapo kwenye kutumia ndipo nilipopigana na fizio wangu. Nitumieje mkono ambao hauguswi na uzi?

Akaniuliza, "Fremu yako ina kioo?" Fremu ya fundi haina kioo? Kile kikubwa cha wateja kujitazama wakija kujaribisha nguo. Akaniambia nianzie hapo.

Kabla ya kioo alinipa picha za mikono kwenye simu, mamia, imepinda huku na kule, kazi yangu niseme huu kulia au kushoto. Nikacheka, mimi nakata mikono ya magauni tangu nina miaka kumi na sita! Basi niliposhindwa nilinyamaza. Wa kushoto naujua papo hapo. Wa kulia nakwama, nakosea, na nikiutazama sana mkono wangu unaanza kuchoma, mkono wa PICHA jamani. Wiki mbili nilifanya hilo tu. Kisha wiki mbili za kufumba macho na kufikiria mkono unasogea, bila kuusogeza.

Ndipo kioo. Nakiegemeza katikati ya meza ya kukatia, kinatazama kushoto. Wa kulia unaingia nyuma yake hauonekani. Wa kushoto uko mbele, nautazama ndani ya kioo, na pale kwenye kioo unaonekana ni wa kulia, mzima, haujavimba, unafungua na kufunga vidole. Siku ya kwanza nilihisi kichefuchefu. Siku ya tano hivi, nikiwa nafungua na kufunga, kuna kitu kikalegea begani. Sijui nikielezeje. Kama mtu aliyekuwa amekushika kwa nguvu akakumbuka kukuachia.

Dakika tano, mara kadhaa kwa siku, wateja wakinichungulia mlangoni wakidhani najifunza mazingaombwe.


#21 Fizio wa Mkoani

Umeeleza kuliko kitabu changu cha chuo. Mpangilio huo wa hatua tatu ulijaribiwa na Lorimer Moseley, mtafiti wa maumivu wa Australia, matokeo yake yakatoka 2004, kwa wagonjwa 13 wa mkono waliovunjika kifundo kama wewe. Sababu yake ni hii: sehemu ya ubongo inayopokea mkono mbovu imeonekana kusinyaa kwa wagonjwa hawa, na matibabu yakienda vizuri inarudi. Huwezi kuikarabati kwa kuutesa mkono. Unaanza na ubongo, taratibu, kabla sungusungu hawajapuliza filimbi. Halafu ndiyo kuzoesha mguso.


#22 Sindano na Uzi

Kuzoesha niliongeza ya kwangu. Fizio alisema pamba, halafu kitu kigumu kidogo, halafu kingine. Mimi nina fremu nzima ya vitambaa. Nilianza na shifoni, napitisha juu ya mkono huku nahesabu. Baada ya wiki satini. Halafu kanga iliyofuliwa mara nyingi, halafu kanga mpya yenye wanga. Kitenge kilinichukua mwezi. Jinzi bado. Jinzi siigusi hata nikilipwa.

Sijapona, nisiwadanganye. Baridi la mwezi wa saba mkono uligeuka rangi tena. Nikichoka sana unavimba. Lakini nimerudi kushika mkasi, ule mdogo, kwa dakika kumi na tano, napumzika, tena kumi na tano. Natumia saa ya simu. Siku niliyojitia ushujaa nikakata suti mbili mfululizo nililipa siku nne.


#23 Binti Kisauni

Mimi naanza na kanga kesho inshallah. Ya mamangu, zile laini.


#24 Baharia Mstaafu

Nimerudi wakuu. Tulifika hospitali saa tano usiku, nikasema yale maneno kama yalivyo. Walilipasua hogo upande mzima hapo hapo, wakampeleka kupima, wakamlaza chini ya uangalizi. Upasuaji haukuhitajika. Vidole vimerudi rangi yake, ganzi imeisha, analalamika chakula cha wodini. Kaka Fizio, Mungu akulipe.


#25 Fizio wa Mkoani

Akilalamika chakula amepona. Wakimfunga tena acheze vidole kila saa akiwa macho. Na akianza kusema mguu unawaka wiki ya tatu au ya nne, usimwambie anadeka.


#26 Kijukuu cha Bibi

Nimesoma wote. Dada Sindano nafuta kauli yangu ya kitambaa.


#27 Sindano na Uzi

Usiifute yote. Baada ya bandiko lako nilipekua kabati, nimekuta kitenge cha mtu cha tangu Krismasi ya mwaka juzi.


#28 Mama Tatu

😂😂 Cha kijani na njano? Cha kwangu hicho!

Dada kwa sasa unapokea kazi? Nina sare za kikoba, magauni sita.


#29 Sindano na Uzi

Napokea, ila moja kwa wiki, na nguo za jinzi hapana. Njoo inboksi tuelewane bei.